Siki Haikufika Ndani

Mnamo Septemba 1683, katika mji wa Delft nchini Uholanzi, mfanyabiashara wa vitambaa aitwaye Antonie van Leeuwenhoek aliandika barua kwenda Royal Society ya London kuhusu meno yake. Alikuwa anakaribia miaka 51. Alieleza kwamba kila asubuhi huyasugua meno kwa chumvi, huchokoa kwa kijiti baada ya chakula, kisha huyafuta kwa kitambaa. Kwa umri wake, alisema, si wengi wenye meno safi kama yake. Hata hivyo, katikati ya magego kulibaki kitu cheupe, kizito kama unga uliochanganywa na maji. Kwa Kiswahili kitu hicho kina jina: ukoga.

Leeuwenhoek alikuwa na tabia ya kutazama kila kitu kwa lenzi alizozisaga mwenyewe. Alichukua ukoga huo, akauchanganya na maji ya mvua, akautazama. Aliona viumbe vidogo vikienda na kurudi, vingine vikizunguka kama pia, vingine vikichomoka kama samaki. Akachukua ukoga wa wanawake wawili, wa mtoto, na wa mzee ambaye hakuwahi kusafisha kinywa maisha yake yote. Kote alivikuta. Hapa ndipo historia ya bakteria wa kinywani inapoanzia, na vitabu vingi vya shule huishia hapo hapo: mtu wa kwanza kuona vijidudu.

Lakini katika barua hiyo hiyo kuna jaribio dogo ambalo vitabu hivyo hulipita. Leeuwenhoek alisukutua kinywa kwa siki kali, akasuuza kwa maji, kisha akautazama ukoga tena. Viumbe walikuwa hai, tena wengi. Ndipo akachukua tone la siki na kulitia kwenye maji ambamo ukoga ulikuwa tayari umevurugwa. Viumbe wakafa papo hapo. Akahitimisha kwamba siki aliyosukutua iliua wale wa nje tu, haikupenya ukoga wote mpaka ndani.

Dawa ni ile ile na wadudu ni wale wale. Wakiwa wametawanyika, wanakufa. Wakiwa wamekaa pamoja ndani ya ukoga, wanasalimika. Swali zima la makala hii limo ndani ya jaribio hilo, nalo lilikaa karibu miaka 300 bila kupewa uzito. Ninaposoma historia ya sayansi huwa nataka kujua kitu kiligunduliwa lini, lakini zaidi nataka kujua kwa nini kilichokwisha kuonekana kiliachwa.

*

Sababu moja ilikuwa mafanikio. Katika miaka ya 1880, Robert Koch na wenzake mjini Berlin waliweka kanuni iliyobadilisha tiba: mtenge bakteria wa aina moja, mkuze peke yake, kisha thibitisha kwamba ndiye anayeleta ugonjwa. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, alipendekeza kutumia agari, kitu kinachotokana na mwani ambacho yeye alikitumia jikoni kugandisha vyakula. Mwaka 1887 Julius Richard Petri akaeleza sahani yenye mfuniko tunayoitumia hadi leo. Kwa njia hii walikamatwa wadudu wa kifua kikuu na kipindupindu. Ni Koch huyu huyu aliyekuja baadaye kupiga kambi katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, akichunguza malale.

Njia ya Koch ilikuwa na gharama ambayo haikuonekana haraka. Bakteria aliyetengwa, akalishwa vizuri kwenye chupa ya mchuzi, huelea peke yake kama yatima aliyeshiba. Dawa zilipimwa kwa bakteria wa namna hiyo. Penisilini ilipimwa hivyo, na zilizofuata baada yake pia. Nazo ziliokoa watu wasiohesabika, kwa hiyo nani angelalamika?

Waliolalamika walikuwa watu wa maji. Mwaka 1933 Arthur Henrici wa Chuo Kikuu cha Minnesota alieleza jinsi alivyotumbukiza vipande vya kioo ziwani, akavitoa baada ya siku kadhaa na kukuta bakteria wameota juu yake. Aliona kwamba bakteria wengi wa majini hawaelei. Wanaishi wakiwa wameshika kitu. Mwaka 1943 Claude ZoBell, aliyekuwa akifanya kazi na maji ya bahari huko California, alionyesha kwamba maji yakiwekwa kwenye chupa, bakteria hushamiri kwenye ukuta wa chupa kuliko katikati ya maji. Mtu yeyote aliyewahi kutia mkono ndani ya mtungi uliokaa muda bila kusuguliwa anajua ZoBell alikuwa anasema nini. Maji yanaonekana safi, lakini ukuta unateleza.

Ule utelezi ndio tunaouita utando wa bakteria. Bakteria wachache hutua, hushika, huzaana, kisha hutoa ute wa sukari, protini na vinasaba vilivyomwagika kutoka kwa wenzao waliokufa. Ute huo huwa ukuta, paa na ghala. Ndani yake kuna njia za maji, kuna wanaokua haraka karibu na chakula, na kuna wanaolala chini kabisa bila kufanya lolote. Kwa kuwa antibiotiki nyingi huua bakteria anayekua, huyo anayelala hupita salama. Kwa vipimo vya maabara, bakteria ndani ya utando wanaweza kustahimili dawa hata mara 1,000 kuliko ndugu zao wanaoelea.

Aliyelazimisha madaktari wasikilize ni Bill Costerton, Mkanada wa Chuo Kikuu cha Calgary. Mwaka 1978, yeye na wenzake wawili waliandika katika jarida la Scientific American makala kuhusu jinsi bakteria wanavyonata. Walianzia kwenye mawe ya vijito, wakaingia kwenye matumbo ya ng'ombe, wakafika kwenye miili ya watu. Huko Copenhagen, Niels Høiby alikuwa tayari ameona mafungu ya bakteria wamejikusanya kwenye makohozi ya wagonjwa wenye ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mapafu kuwa mzito. Mwaka 1982 Costerton na madaktari wawili walichapisha picha za hadubini ya elektroni za waya wa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, uliotolewa kwa mgonjwa ambaye maambukizi yake yalirudi licha ya dawa. Waya ulikuwa umefunikwa na bakteria waliozama kwenye ute wao wenyewe.

Siki ya Leeuwenhoek ilikuwa imerudi, safari hii ndani ya kifua cha mtu.

*

Nilianza kuielewa hadithi hii nje ya maktaba. Katika muhula wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili, mjomba wangu alikuwa nyumbani na mpira wa mkojo, akisubiri upasuaji wa tezi dume. Homa ilikuja, akapewa dawa, ikaondoka. Dozi ilipokwisha, homa ikarudi. Mara ya tatu muuguzi aliutoa mpira na kuweka mpya kabla ya kuanza dawa, na safari hiyo homa ilitulia. Nilimweleza mjomba kwamba ndani ya ule mpira wa zamani kulikuwa na bakteria waliojijengea. Ni jambo la kawaida: mpira ukikaa mwezi mzima, karibu kila mgonjwa huwa na bakteria kwenye mkojo.

Alinisikiliza, kisha akauliza, "Sasa mjomba, nyie mnaosoma wadudu, hamna kitu cha kuwavunjia nyumba?"

Swali hilo ndilo lililokuwa likiulizwa na maabara kubwa za dunia. Kuua hakutoshi; kwanza vunja nyumba. Na wiki ile ile nilikuwa na jibu mkononi, au nilidhani ninalo. Lilikuwa limechapishwa mwaka 2010.

*

Ili kulielewa jibu hilo lazima turudi Paris, mwaka 1848. Louis Pasteur, akiwa na miaka 25, aliketi na kibano akichambua fuwele za chumvi ya asidi inayopatikana kwenye mvinyo. Aliona kwamba fuwele ni za aina mbili, zinazofanana kila kitu isipokuwa moja ni kama taswira ya nyingine kwenye kioo. Kemia ilijifunza kutoka kwake kwamba molekuli nazo zina kulia na kushoto. Kiatu cha kulia kina ngozi ile ile na soli ile ile kama cha kushoto, lakini jaribu kukivaa mguu usio wake.

Asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini, zina viatu viwili hivyo, isipokuwa ile ndogo kuliko zote, glisini. Tunaziita L na D. Kila kiumbe hai, kuanzia kitunguu hadi tembo, hujenga protini zake kwa aina ya L. Aina ya D ni adimu, lakini bakteria huitumia mahali pamoja muhimu: kwenye ukuta unaoizunguka seli yao. Mwaka 2009, watafiti wa Harvard walionyesha kwamba bakteria kadhaa, akiwemo yule wa kipindupindu, hutoa asidi amino za D nyingi pale wanapozeeka na chakula kupungua, na kwamba hizo hubadilisha jinsi ukuta unavyojengwa.

Mwaka uliofuata, Ilana Kolodkin-Gal na wenzake, katika maabara za Richard Losick na Roberto Kolter, pia za Harvard, walichapisha makala katika jarida la Science. Walitumia bakteria wa udongo, Bacillus subtilis, ambaye akikuzwa kwenye kimiminika hutengeneza juu yake utando wenye makunyanzi, kama maziwa yaliyochemshwa yakaachwa yapoe. Utando huo hukomaa kwa siku tatu hivi, na baada ya wiki huvunjika wenyewe. Watafiti wakajiuliza: nani anatoa amri ya kuvunja? Walichukua maji ya utando uliozeeka, wakayasafisha, wakayatia kwenye kilimo kipya. Utando haukuota. Wakachambua yaliyomo, wakakuta asidi amino nne za aina ya D: leusini, methionini, tirosini na triptofani. Zikichanganywa pamoja zilifanya kazi kwa kiasi kidogo mno. Aina ya L ya hizo hizo haikufanya lolote. Wakaripoti pia kwamba njia hiyo inawazuia bakteria wawili wanaosumbua hospitali, Staphylococcus aureus na Pseudomonas aeruginosa.

Ilikuwa hadithi nzuri kupindukia. Bakteria wenyewe hubeba ufunguo wa nyumba yao, na ufunguo huo ni tofali la kawaida lililogeuzwa. Hakuna sumu. Wapewe tu ishara waliyoizoea, nao wahame kwa hiari. Ninaelewa kabisa kwa nini ilienea. Mimi mwenyewe niliisoma usiku mmoja bila kusimama.

*

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2013, ilitoka makala nyingine katika Journal of Bacteriology, mwandishi wa kwanza akiwa Sara Leiman. Majina mawili ya mwisho kwenye orodha ya waandishi yalikuwa Roberto Kolter na Richard Losick, wale wale wa 2010.

Walikuwa wamerudia kutazama. Kwanza waliona kwamba kwa kiasi kinachozuia utando, asidi amino za D zilikuwa pia zinapunguza ukuaji wa bakteria na kuzima jeni za kutengeneza ute. Pili, ukiongeza aina ya L ya asidi amino ile ile, madhara yalifutika. Tatu, na hapa ndipo penye kiini, waligundua kwamba Bacillus aliyetumika, anayejulikana kama 3610, ana kasoro kwenye jeni moja. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzuia asidi amino za D zisiingizwe kwenye protini kwa makosa.

Fikiria eneo la ujenzi lenye mlinzi getini anayekataa matofali mabovu. Mlinzi huyo akikosekana, matofali yanaingia, mafundi wanahangaika, nyumba haisimami. Ukipita barabarani utasema kuna mtu anaibomoa, kumbe haikuwahi kujengwa. Watafiti walipoirekebisha jeni ile, yaani walipomrudisha mlinzi, asidi amino za D hazikuzuia tena utando. Hitimisho lao lilikuwa wazi: athari ile, kwa kiasi kikubwa kama si chote, ilitokana na kuharibu utengenezaji wa protini. Mwaka 2015 watafiti wengine wakaripoti kwamba hata kwa Staphylococcus aureus hawakuona asidi amino hizo zikizuia utando.

Kuna kinaya hapa ambacho mwanahistoria hawezi kukipita. Watafiti wa tando walimchagua 3610 kwa sababu ni wa porini. Bacillus wa maabara, aliyefugwa kwa miongo mingi kwenye sahani na chupa, alikuwa amesahau kujenga utando mzuri. Walimkimbia bakteria wa chupa, wakamchukua wa porini, na wa porini naye akawa na kilema chake. Aina moja, hata iwe ya wapi, haiwezi kusema kwa niaba ya wote. Somo hilo Henrici alikuwa amelichota ziwani mwaka 1933.

Wapo wanaosoma historia hii kama aibu. Mimi naisoma kinyume. Makala ya 2010 ilikuwa kubwa, katika jarida kubwa, na ya 2013 ilitoka katika jarida lenye wasomaji wachache zaidi. Ingekuwa rahisi kwa wakubwa wale wawili kuwaachia wengine kazi ya kuirekebisha, au kunyamaza. Badala yake waliandika majina yao chini ya sahihisho. Fani yetu ina tuzo za kugundua, lakini haina tuzo ya namna hii, na labda ndiyo maana inastahili kusimuliwa. Nyuma ya makala hizo kuna watu wenye mipira ya mkojo na nyaya kifuani. Hao hawahitaji hadithi nzuri, wanahitaji ya kweli.

*

Wakati haya yakitokea, asidi amino nyingine ilikuwa ikitembea polepole, bila shangwe, kupitia mlango wa meno. Ni arginini ya kawaida, aina ya L, ile iliyomo tele kwenye karanga. Ilitengwa mara ya kwanza mwaka 1886 huko Zürich, kutoka kwenye machipukizi ya mmea wa jamii ya kunde.

Katika miaka ya 1940, Robert Stephan wa Marekani alipima asidi ndani ya ukoga na kuonyesha kwamba mtu akisukutua maji ya sukari, ukoga huwa mchachu ndani ya dakika chache, kisha hurudi taratibu. Uchachu ukizidi, jino huanza kuyeyuka. Israel Kleinberg, aliyefanya kazi miaka mingi huko Stony Brook, New York, alitaka kujua kinachourudisha. Katika mate alikuta, mwaka 1979, kipande kifupi cha protini chenye arginini ndani yake. Bakteria fulani wa kinywani, wakiwemo Streptococcus sanguinis na Streptococcus gordonii, huivunja arginini na kutoa amonia, na amonia hupunguza uchachu. Streptococcus mutans, mtuhumiwa mkuu wa kutoboa meno, hana njia hiyo. Kwa hiyo ukiwapa arginini, unawalisha majirani wema na kumwacha mkorofi katika mazingira asiyoyapenda. Dawa za meno zenye arginini asilimia 1.5 pamoja na floraidi zikaingia sokoni. Haki ni kusema pia kwamba majaribio yake makubwa yalidhaminiwa na kampuni inayoziuza.

Mwaka 2015, kundi la Alexander Rickard wa Chuo Kikuu cha Michigan, akiwemo Nicholas Jakubovics wa Newcastle, Uingereza, lilichapisha utafiti kwa kutumia mate ya watu. Hawakutenga aina moja. Waliukuza ukoga mzima, jamii yote kwa pamoja, ndani ya mate yenyewe, katika mifereji midogo yenye mtiririko kama wa kinywani. Wakaongeza arginini. Bakteria hawakuuawa kwa kiasi cha kutajika, lakini utando ulikuwa mwembamba zaidi kuliko usiopewa. Arginini ilipotiwa kwenye utando uliokwisha kuota, ulipungua pia. Walidhani inalegeza mshikano wa seli kwa seli.

Kisha wakafanya jaribio ambalo mtu wa Delft angelitambua bila kuelezwa. Walichukua dawa ya kuua vijidudu inayotumika kwenye maji ya kusukutua na kuitia juu ya utando. Peke yake haikupenya vizuri. Ilipochanganywa na arginini, ilizama ndani zaidi na kuua wengi zaidi.

Tusishangilie kabla ya wakati. Kiasi walichotumia kwenye jaribio hilo ni zaidi ya gramu 100 za chumvi ya arginini katika lita moja ya maji, kiasi ambacho huwezi kukipata kwa kutafuna karanga. Mfereji wa maabara si kinywa, na kinywa si mpira wa mkojo. Mjomba aliponiuliza tena, nilimwambia kwamba kwa mpira wake dawa bora mpaka leo ni kuutoa mapema iwezekanavyo, na kwa meno yake, mswaki. Mswaki hauhitaji kupenya kemikali yoyote. Unauvuruga ukoga kwa nguvu, kama Leeuwenhoek alivyouvuruga kwenye maji kabla ya kutia tone la siki.

Na hapo ndipo ninapoona urithi wake mkubwa. Hakuwa na neno la utando, hakujua asidi amino, wala hakujua kwamba viumbe wale wanaweza kuua. Alikuwa na lenzi, siki, na uvumilivu wa kufanya jaribio mara mbili kwa njia mbili. Jaribio la kwanza lilimwambia siki haifanyi kazi. La pili lilimwambia inafanya. Hakuchagua lile lililompendeza. Aliyaweka yote mawili kwenye barua, pamoja na sababu iliyoweza kuyapatanisha, akaituma London.